AO Surgery Reference: tathmini ya mwongozo wa bure wa mivunjiko, kutoka wodi ya mifupa ya hospitali ya mkoa

Katika hospitali nyingi za rufaa za mikoa nchini Tanzania, daktari bingwa wa mifupa ni mmoja au wawili tu, ilhali wanaomhudumia mgonjwa aliyevunjika ni wengi: daktari mtarajali anayempokea, ofisa tabibu, mtaalamu wa mionzi, mfunga plasta, muuguzi wa chumba cha upasuaji na mtaalamu wa fiziotherapia. Nafasi za mafunzo endelevu zinapotangazwa, mara nyingi humfikia yule bingwa peke yake. Yeye ndiye anayealikwa Dar es Salaam, Arusha au Nairobi, na wenzake hubaki wakifanya kazi kwa yale waliyoyasoma chuoni miaka mingi iliyopita. Kwa sababu hiyo nimeona vema kuandika tathmini ya nyenzo moja isiyodai ada wala nauli ya mtu, ambayo sisi tumekuwa tukiitumia kufundishana wodini kila wiki. Nayo ni AO Surgery Reference, mwongozo wa mtandaoni wa matibabu ya mivunjiko ya mifupa unaotolewa na taasisi ya AO ya Uswisi.

Kwanza niitaje asili yake kwa ufupi, kwa kuwa inaeleza tabia ya mwongozo wenyewe. AO ilianzishwa mwaka 1958 mjini Biel na kundi la madaktari wa upasuaji wa Uswisi, Maurice Müller na Martin Allgöwer wakiwa miongoni mwao, katika zama ambazo mtu aliyevunjika paja alilazwa majuma mengi mguu ukivutwa kwa uzito, na wengi walitoka hospitalini mfupa umeunga lakini goti limekakamaa. Kozi yao ya kwanza ilifanyika Davos mwezi Desemba 1960, na kilichoitofautisha na mihadhara ya siku zile ni kwamba washiriki walishika wenyewe drili, skrubu na bamba, wakafanya mazoezi juu ya mifupa badala ya kusikiliza tu. Misingi minne waliyoiweka ndiyo inayosimamia kila ukurasa wa mwongozo hadi leo: kuurudisha mfupa katika umbo lake, kuufunga kwa uthabiti unaoufaa mvunjiko huo, kulinda damu inayoulisha mfupa na nyama zinazouzunguka, na kumwezesha mgonjwa kuanza kujongea mapema bila hatari. Napenda kuwakumbusha madaktari wenzangu kwamba msingi wa nne haukamiliki mikononi mwa mpasuaji, na ndiyo maana mwongozo huu haupaswi kuwa mali ya mpasuaji peke yake.

Matumizi yake ni mepesi. Ukiufungua unakutana na mchoro wa mifupa ya mwili mzima. Unagusa sehemu iliyovunjika, tuseme muundi, nao unakuletea orodha ya aina za mvunjiko wa sehemu hiyo, kila aina na mchoro wake. Watoto wana sehemu yao, watu wazima yao, uti wa mgongo na mifupa ya uso vilevile. Hata madaktari wa mifugo wamewekewa sehemu ya farasi na mbwa. Ukishachagua aina ya mvunjiko unaonyeshwa njia za matibabu zinazowezekana, za upasuaji na zisizo za upasuaji, zikiwa zimepangwa pamoja ili uzilinganishe. Kutoka hapo unaingia katika maandalizi ya mgonjwa, njia ya kuufikia mfupa, namna ya kuurudisha na kuufunga, na mwisho huduma baada ya upasuaji.

Uainishaji unaotumika ni ule wa AO na OTA, chama cha Marekani cha madaktari wa majeraha ya mifupa, uliofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2018. Watu wengi wa kada nyingine huuogopa kwa sababu unaandikwa kwa tarakimu na herufi, lakini ukifundishwa taratibu unaeleweka katika kikao kimoja: tarakimu ya kwanza hutaja mfupa, yaani 1 ni mkono wa juu, 2 kigasha, 3 paja na 4 muundi, tarakimu ya pili hutaja sehemu ya mfupa huo, kuanzia juu kwenda chini, na herufi A, B au C hueleza mvunjiko ulivyo. Katikati ya mfupa mrefu, A ni mvunjiko sahili, B una kipande cha kabari, na C umevunjikavunjika kiasi kwamba vipande vikuu viwili havigusani tena hata mfupa ukirudishwa. Mtaalamu wa fiziotherapia akisoma kwenye faili 42A na mwenzake wa wodi ya pili akasoma 42C, kila mmoja anajua kabla ya kumwona mgonjwa kwamba hawa wawili hawatakanyaga kwa uzito uleule katika wiki zilezile. Hilo ni jambo la manufaa makubwa kwa watu wanaofanya kazi kwa zamu na kuwasiliana zaidi kwa maandishi kuliko kwa mdomo.

Nitatoa mfano mmoja kwa undani, kwa kuwa ndiyo njia ya haki ya kupima mwongozo wa aina hii. Msimu wa maembe unapofika, watoto walioanguka mitini huletwa wakiwa wameushika mkono, kiwiko kimevimba, mfupa wa mkono wa juu umevunjika karibu kabisa na kiwiko. Huu ni mvunjiko unaoonekana wa kawaida, na mtoto asipoangaliwa kwa makini unaweza kumpotezea matumizi ya mkono kwa maisha yake yote, kwa sababu mshipa mkubwa wa damu na neva tatu za mkono hupita hapo hapo. Sehemu ya watoto ya mwongozo inaanza pale ambapo mwalimu mzuri angeanzia, yaani kwa mtoto mwenyewe kabla ya picha ya eksirei: mapigo ya mshipa kwenye kifundo cha mkono yapo au hayapo, kiganja kina rangi na joto gani, na je, mtoto anaweza kuunganisha ncha ya kidole gumba na ya shahada kutengeneza duara. Asipoweza kulikunja duara hilo, tawi la neva linalopita mbele ya kigasha limeguswa, na ni lazima liandikwe kwenye faili kabla ya kumgusa mtoto, ili baadaye isidhaniwe kwamba upasuaji ndio ulioliumiza.

Hatua za kuurudisha mfupa zimechorwa moja baada ya nyingine. Msaidizi hushikilia mkono wa juu, mpasuaji huvuta kigasha taratibu kiwiko kikiwa kimekunjwa kidogo tu, kisha hurekebisha mhamo wa kushoto au kulia, kisha mzunguko, na mwisho kabisa ndipo hukikunja kiwiko huku kidole gumba kikikisukuma mbele kipande cha chini. Mpangilio huo ndio roho ya kazi, kwa sababu anayekunja kiwiko kabla ya kurekebisha mzunguko hufungia kosa ndani. Baada ya hapo unaonyeshwa namna ya kuingiza waya mbili kutoka upande wa nje zikiachana kama miguu ya bikari, au moja nje na moja ndani, ukikumbushwa kwamba waya ya upande wa ndani inapita jirani na neva ya kiwiko. Unaonyeshwa pia namna ya kukagua kazi yako kwenye picha ya ubavu: mstari uliovutwa kufuata uso wa mbele wa mfupa wa mkono wa juu unapaswa kukata kichwa cha nje cha kiwiko.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu katika ukurasa huohuo kila kada ya wodi yetu hupata sehemu yake. Mtaalamu wa mionzi huelewa kwa nini tunamsumbua kwa picha ya ubavu iliyo sahihi kabisa, na kwa nini picha iliyopinda kidogo haina thamani. Mfunga plasta huona kwa macho kwa nini kiwiko kilichovimba hakifungwi kikiwa kimekunjwa sana, wala hakifungiwi hogo la kuzunguka lisilopasuliwa, na kwa nini plasta ya nusu ya upande wa nyuma inatosha. Muuguzi wa usiku hujifunza kwamba mtoto anayelia zaidi na zaidi baada ya dawa ya maumivu, na anayelia mara tu vidole vyake vinaponyooshwa, si mtoto mkorofi. Huenda shinikizo limepanda ndani ya misuli ya kigasha, na anapaswa kumwita daktari wakati huohuo bila kusubiri raundi ya asubuhi. Nimewahi kusoma vitabu vizito vya upasuaji ambavyo havikuyaunganisha mambo haya kwa watu hao wote.

Kwa wauguzi wa chumba cha upasuaji ninazipendekeza kwa namna ya pekee kurasa za maandalizi. Humo mna orodha ya yale ambayo timu ya chumba cha upasuaji inapaswa kuyajua na kuyahakiki kabla mgonjwa hajalazwa mezani: upande na mahali pa mvunjiko, alama ya mpasuaji kwenye ngozi, aina ya upasuaji uliopangwa, hali ya ngozi na nyama, vyuma vitakavyotumika, mlalo wa mgonjwa, na magonjwa mengine aliyonayo. Katika mazingira yetu, ambapo seti moja ya vyuma huenda ikahitajika kwa wagonjwa wawili siku moja, muuguzi aliyeusoma ukurasa huo jioni iliyotangulia anaweza kuiokoa orodha nzima ya upasuaji ya siku inayofuata.

Kuna jambo jingine ambalo waandaaji wanastahili kusifiwa kwalo. Kila njia ya matibabu inaambatana na maelezo ya mahali inapofaa, faida na hasara zake, pamoja na kiwango cha ujuzi na cha vifaa kinachohitajika. Daktari kijana aliyeachwa zamu anaweza kuona wazi kwamba njia fulani inahitaji mkono uliozoea, na kwamba njia nyingine, ingawa haipendezi sana kwenye picha ya eksirei, iko ndani ya uwezo wake na ni salama. Kwa mgonjwa wa ajali ya bodaboda aliyeletwa usiku, muundi umetoboa ngozi na jeraha lina mchanga, mwongozo haumsukumi daktari kutafuta bamba. Unamrudisha kwenye yale yanayookoa mguu: antibiotiki mapema, kusafisha jeraha kwa dhati na kukata nyama iliyokufa, kulipanga jeraha katika madaraja ya ukali ya Gustilo na Anderson yanayotumika tangu 1976, na kuutuliza mfupa kwa vyuma vya nje, vile ambavyo wagonjwa wetu wamezoea kuviita antena. Kazi hiyo inaweza kufanyika vizuri mkoani, na ikifanyika vizuri, hospitali kubwa itakayompokea mgonjwa baadaye itakuwa na mguu wa kuushughulikia.

Hata hivyo mwongozo huu una upungufu ambao msomaji wa huku anapaswa kuujua kabla ya kuutegemea.

Upungufu wa kwanza ni kwamba sehemu kubwa ya kurasa za upasuaji, hasa zile za misumari ya ndani ya mfupa, zimeandikwa kwa kudhani kwamba ile mashine ya eksirei inayoonyesha mfupa papo hapo wakati wa upasuaji ipo chumbani na inafanya kazi. Katika hospitali nyingi za mikoa haipo, au ipo na inasubiri fundi. Kwa mvunjiko wa katikati ya paja au muundi, hospitali kadhaa za Tanzania, Taasisi ya Mifupa Muhimbili ikiwamo, hutumia msumari wa SIGN, uliobuniwa na shirika lililoanzishwa na Lewis Zirkle huko Richland, Marekani, mwaka 1999, ambao skrubu zake hufungwa kwa fremu ya kuelekezea bila kuhitaji mashine hiyo. Anayeutumia msumari huo atafaidika na kurasa za AO kuhusu mlalo wa mgonjwa, njia ya kuufikia mfupa na kuzuia mzunguko, lakini kwa hatua za msumari wenyewe lazima ashike mwongozo wa SIGN. Naongeza kwamba utaratibu wa SIGN wa kuwataka madaktari watume picha za wagonjwa wao kwenye hifadhidata na kupokea maoni ya wenzao ni shule ya aina yake, na hilo mwongozo wa AO hauna: unakufundisha, lakini haujui umefanya nini.

La pili linahusu vyuma. AO imekuwa na uhusiano wa miaka mingi na kampuni ya Synthes, iliyonunuliwa na Johnson & Johnson mwaka 2012, na vifaa vinavyochorwa vingi ni vya ukoo huo. Sisemi kwamba mafundisho yamepindishwa kwa ajili ya biashara, kwani misingi inayofundishwa inasimama hata ukiwa na bamba la kawaida kutoka kiwanda kingine. Ninachosema ni kwamba kiongozi wa kikao anapaswa kuuliza kila mara: bamba hili lililochorwa linafanya kazi gani hapa, la kubana, la kuegemeza au la kuvuka vipande? Akishajua kazi yake, atajua chuma gani kilichopo kabatini kwetu kinaweza kuifanya, na atajua pia ni lini hakuna kinachoweza, ili mgonjwa apewe rufaa mapema.

Upungufu wa tatu ndio unaoniumiza zaidi, kwa sababu unawagusa wale ambao mafunzo huwafikia kwa nadra. Kurasa za huduma baada ya upasuaji ni fupi mno zikilinganishwa na zile za upasuaji, na maelezo yake hujirudia kutoka mvunjiko mmoja hadi mwingine: kukanyaga kwa uzito mdogo, mazoezi ya kukunja na kunyoosha, picha ya kudhibiti baada ya wiki kadhaa. Mtaalamu wa fiziotherapia anataka kujua zaidi ya hapo, na mgonjwa wetu ana mahitaji ambayo hayajaandikwa. Mama aliyevunjika fundo la mguu atarudi nyumbani kwenye choo cha shimo, ambacho hakitumiki bila kuchuchumaa. Mzee wa Kiislamu ataulizia lini ataweza kusujudu. Mkulima ataulizia lini atashika jembe kwenye ardhi isiyo tambarare. Na magongo yanayosogea vizuri kwenye sakafu ya wodi huzama kwenye mchanga wa uani. Pembe za kukunja goti na fundo la mguu zinazohitajika kwa mambo hayo ni kubwa kuliko zile za kukaa kwenye kiti na kupanda ngazi, kwa hiyo mpango wa mazoezi lazima uandikwe upya na wale wanaowajua wagonjwa hawa. Sisi tumefanya hivyo kwa mivunjiko michache: mtaalamu wetu wa fiziotherapia huchukua ukurasa wa AO kama msingi wa mipaka ya usalama, kisha anaongeza kwa Kiswahili hatua za kufikia kuchuchumaa na kupiga magoti, na karatasi hiyo hubandikwa ukutani mwa chumba cha mazoezi.

Suala la lugha linafuata hapo hapo. Mwongozo ni wa Kiingereza, na hakuna toleo la Kiswahili. Daktari halioni tatizo hilo, lakini mfunga plasta aliyejifunza kazi kwa vitendo hulihisi, hata kama michoro humsaidia kwa sehemu kubwa. Ningependa sana kuona vyuo vyetu vikichukua hatua hapa. Moshi tunacho chuo cha TATCOT, ambacho kimekuwa kikiwafundisha watengenezaji wa viungo bandia na vifaa saidizi kutoka nchi nyingi za Afrika tangu miaka ya 1980. Muhimbili tunayo taasisi ya mifupa iliyoundwa kwa sheria mwaka 1996. Arusha ndipo makao ya COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini. Mafungu kama ya plasta, uvutaji wa mguu kwa uzito, vyuma vya nje na huduma za baada ya upasuaji si mengi kiasi cha kushindikana kutafsiriwa kwa ushirikiano na wenye mwongozo, na wasomaji wake wangekuwa hawa wenzetu wanaobaki wodini.

Jambo la mwisho la upungufu ni cheti. Anayeusoma mwongozo huu peke yake haulizwi maswali mwishoni wala hapewi uthibitisho wa kupeleka kwenye baraza la taaluma yake anapohuisha leseni. Njia tuliyoiona kuwa ya halali ni kuviandikisha vikao vya hospitali kama mafunzo ya ndani, vikiwa na mada, mwezeshaji, orodha ya mahudhurio na mgonjwa halisi aliyejadiliwa bila kutajwa jina, kisha kufuata utaratibu wa kila baraza. Anayejiandaa kwa mtihani wa ubingwa atahitaji pia chombo kingine. Orthobullets, kwa mfano, tovuti ya kujisomea tiba ya mifupa, inafaa zaidi kwa maswali na mambo ya kukumbuka kwa haraka, ilhali AO inafaa zaidi usiku wa kuamkia siku ya upasuaji, unapotaka kujua mkono wako utapita wapi na nini kiko jirani yake.

Kwa hospitali itakayopenda kuanza, nashauri vikao vya saa moja vyenye mgonjwa mmoja aliye wodini wakati huo, picha zake za eksirei zikiwa ukutani na ukurasa wa mwongozo ukiwa kwenye skrini, na swali la kwanza aulizwe mtu asiyekuwa daktari. Michoro ni mingi na hula bando, kwa hiyo kurasa za siku hiyo zifunguliwe mapema mahali penye mtandao mzuri. Msianze na nyonga wala na mivunjiko inayoingia ndani ya goti, ambayo itamwacha kila mtu isipokuwa mpasuaji akitazama tu. Anzeni na kigasha cha mtoto, mvunjiko wa kifundo cha mkono cha mtu mzima na muundi uliotoboa ngozi, kwa kuwa hiyo ndiyo inayopita mikononi mwa kila kada, kuanzia mapokezi hadi chumba cha mazoezi. Kurasa zake za matibabu bila upasuaji pia zina maelezo ya kutosha kubadilisha namna plasta inavyofungwa kesho yake asubuhi.